Tisa kwa Tisa

Anayekubali kushindwa ilhali ameshinda, huyo ndiye asiye mshindani. Wahenga walisema kinyume chake, na kinyume chake ndicho alichoambiwa Jabiri na msimamizi wa pambano Jumamosi alasiri katika ukumbi mmoja wa Same, damu ya mtu mwingine ikiwa bado mbichi kwenye glavu zake.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, bwana. Weka saini hapa, watu wana safari."

Jabiri akavuliwa glavu, akaweka saini. Vidole vilikuwa vimevimba, kalamu ikamponyoka mara mbili. Alipomaliza alisema asante. Hiyo asante ndiyo iliyomtia Honorata kinyaa. Alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, kwenye kiti chake cha jaji, akitamani lile jitu lipige meza, litukane, lipindue kitu. Jabiri alichukua begi lake, akauliza kama kuna maji ya kunawa, akaambiwa bomba liko nje.

Lilikuwa pambano la uzito wa juu, la raundi sita. Wanaume wa uzito huo ni adimu Same. Upepo wa mji ule huwapunguza watu kabla hawajanenepa. Ndiyo maana Linus, mfanyabiashara wa tangawizi mwenye malori mawili na mdomo wa watu wanne, alipogundua kwamba kuna mmoja mlimani na mwingine bondeni, aliandaa pambano haraka kabla mmojawapo hajahama. Wa mlimani alikuwa Wilbard wa Myamba, mbeba magunia ya tangawizi, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye shingo kama kinu. Wa bondeni alikuwa Jabiri, mkata mkonge. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akazikwa hukohuko shambani. Jabiri alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi, akasomea hapo, akaoa hapo, na mpaka leo akipita sokoni watu husema, "Yule Mha wa mkonge." Mshindi angekwenda Arusha kugombea ubingwa wa kanda. Wilbard angeshindwa, angekuwa na miaka kumi ya kujaribu tena. Jabiri alikuwa na miaka thelathini na sita. Mlango wake ulikuwa huo mmoja.

Majaji walikuwa watatu. Honorata, mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, ndiye peke yake aliyekuwa na cheti, matunda ya kozi ya wiki mbili Moshi. Wa pili alikuwa Melkizedeki, fundi redio aliyewahi kupigana ngumi jeshini, au ndivyo alivyosema. Wa tatu alitakiwa atoke Moshi, na asubuhi ya pambano akapiga simu kwamba tumbo limemkamata. Linus akapagawa. Akazunguka ukumbi mzima ameshika kichwa kama mtu aliyefiwa. Ni Honorata mwenyewe aliyesema, "Mchukue Baba Mkubwa. Yupo pale, amekuja kutazama."

Mzee Eliakimu alikuwa kaka wa marehemu baba yake, na ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Kwa miaka thelathini alikuwa mpima mizani kwenye ghala la tangawizi Myamba, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu wa Myamba aliyewahi kusema mizani ya Eliakimu imelala upande. Watu walipogombana kuhusu mpaka, mahari au mtoto aliyepiga mwenzake jiwe, walisema twende kwa mzee wa mizani. Honorata alimfundisha nje ya ukumbi kwa dakika kumi. Anayeshinda raundi anapewa kumi, mwenzake tisa. Mtu akiangushwa, anapewa nane.

"Hayo tu?" mzee aliuliza.

"Hayo tu, Baba Mkubwa. Andika unachokiona."

"Basi hiyo ni kazi ndogo."

Na alichokiona kila mwenye macho ni hiki: Jabiri alimchapa Wilbard. Hakumwangusha, kijana ana miguu ya mnazi, lakini alimchapa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatoka mfupi na kurudi haraka, kama mtu anayechomoa jani la mkonge bila kutaka lile jani limchome. Raundi ya pili jicho la Wilbard likafunga. Raundi ya tatu Wilbard akaanza kupiga hewa, ngumi za kubeba gunia, zile zinazoanzia kiunoni na ukiziona zinakuja unaweza kusogea ukafunga na kamba ya kiatu. Raundi ya nne Jabiri alichoka, akashikashika, akakumbatia. Hiyo Honorata alimpa Wilbard bila kinyongo. Ya tano na ya sita zikarudi kulekule. Karatasi ya Honorata ilisema hamsini na tisa kwa hamsini na tano, Jabiri. Melkizedeki alitoa hamsini na nane kwa hamsini na sita, Wilbard. Mzee Eliakimu alitoa hamsini na sita kwa hamsini na mbili, Wilbard.

Mshereheshaji alipoinua mkono wa Wilbard, Wilbard mwenyewe aligeuka kutazama kona ya pili, kana kwamba anatafuta aliyeshinda ni nani.

Ukumbi ukalipuka. Watu wa Myamba walikuwa wameteremka na malori yote mawili ya Linus, na walishangilia mpaka mabati yakatetemeka. Honorata alisimama akasema, kwa sauti ambayo kwa bahati mbaya iliangukia kwenye kipaza sauti cha mshereheshaji, "Huu ni uchafu." Neno hilo lilisikika mpaka nje kwa wauza mishikaki. Halafu akaondoka bila kumtazama Baba Mkubwa, kwa sababu alijua akimtazama ataona uso uleule wa siku zote, uso safi, na hakuwa na la kufanya na uso safi saa ile.

*

Jumapili asubuhi aliamkia kwa Rabia. Mgahawa wa Rabia uko karibu na barabara kuu, na kwa kuwa babu yake Rabia na babu wa babu yake wote walifanya biashara hapohapo, hakuna habari inayoingia Same ikapita bila kunywa chai kwake.

"Mshindi wenu amepita hapa saa moja," Rabia alisema akimimina chai. "Nimempa chapati, akaitazama kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Taya halifunguki. Nikamkorogea uji, akanywa kwa mrija."

"Na Jabiri?"

"Huyo alikula chapati nne jana jioni, akaomba na mchuzi. Sasa niambie, jaji: ni wapi duniani aliyepigwa anatafuna na aliyepiga ananyonya?"

Wateja wakacheka. Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, hakucheka. "Ngumi si chapati, dada. Wilbard ndiye aliyekuwa anasonga mbele. Bondia anayesonga mbele ndiye anayetawala ulingo."

"Hata ng'ombe wa machinjioni anasonga mbele," Rabia alisema.

"Sasa wewe unataka kujua kuliko majaji? Tena mmoja ni Mzee Eliakimu! Mzee wa mizani! Yule hawezi kuiba hata chumvi ya kuonja."

"Ndiyo hapo," mtu mwingine akadakia. "Angekuwa ni yule fundi redio peke yake, ningesema kahongwa, au kaogopa, maana alikuwa anarudi na lori la Linus. Lakini Eliakimu?"

Swali hilo ndilo lililomlaza Honorata macho wazi. Melkizedeki alimjua, ni mwoga, na karatasi yake ilikuwa karatasi ya mwoga, raundi nne kwa mbili, ya kumfikisha mtu nyumbani salama. Lakini mzee yule alikuwa hajui kuogopa watu wala kupokea bahasha. Kitu kingine kilikuwa kinamsumbua kama mchanga ndani ya kiatu, nacho ni hesabu. Raundi moja ambayo mtu hakuangushwa ina alama kumi na tisa, kumi za huyu na tisa za yule. Mara sita ni mia moja na kumi na nne. Karatasi yake ilifika hapo. Ya Melkizedeki ilifika hapo. Hamsini na sita na hamsini na mbili ni mia moja na nane. Alama sita hazikuwepo.

Akamwandikia Linus: nitumie picha ya karatasi za alama. Linus, ambaye bado alikuwa kwenye ulevi wa ushindi, alizituma palepale, na chini yake akaongeza: *Jionee mwenyewe mwl. Kazi safi.*

Honorata alikuza picha ya karatasi ya Baba Mkubwa kwa vidole viwili. Mwandiko ulikuwa uleule wa ghalani, tarakimu zimesimama wima kama fito. Raundi ya kwanza: tisa kwa tisa. Ya pili: tisa kwa tisa. Ya tatu: tisa kwa tisa. Ya nne: Jabiri nane, Wilbard kumi. Ya tano: tisa kwa tisa. Ya sita: nane kwa kumi.

"Tisa kwa tisa," alisema. "Raundi nne."

"Maana yake nini?" Rabia aliuliza.

"Maana yake hakuna. Raundi haiwezi kuwa tisa kwa tisa mpaka mwamuzi amkate mtu alama kwa kufanya faulo, na mwamuzi hakumkata mtu. Rudisha hizo alama sita, moja moja kila raundi, Jabiri anakuwa na hamsini na nane. Wilbard anabaki na hamsini na sita. Karatasi ya Baba Mkubwa inamtoa Jabiri mshindi. Mimi na yeye, wawili kwa mmoja."

Dereva wa lori akakohoa.

"Na hakuna aliyeona?"

"Msimamizi alijumlisha. Hakusoma."

Akampigia Jabiri. Simu iliita muda mrefu, halafu sauti ikaja, nzito, ya mtu aliyelala chali. Honorata akamweleza. Jabiri alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, niliweka saini," alisema.

"Ulidanganywa ukaweka saini."

"Nikilalamika watasema mtu wa kuja ana maneno. Mimi hapa nina watoto watatu wanasoma. Kesho alfajiri niko shambani. Niache tu, mwalimu. Nimezoea."

"Umezoea nini?"

Simu ikakatika, au akaikata.

Akampigia katibu wa kamati ya ngumi. Katibu akamweleza kwa sauti ya mtu anayesoma ukutani: bondia aliyekubali matokeo kwa saini hawezi kulalamika. Jaji anaweza. Iwe barua iliyoandikwa kwa mkono na kusainiwa, hata picha ya simu inatosha, kabla ya Jumatatu saa kumi jioni. Baada ya hapo jina linakwenda Arusha.

"Nyie Wapare kwa kesi!" Rabia alisema alipoiweka simu chini. "Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe apate nauli ya mahakamani."

"Mara hii kuku si wangu."

"Ndiyo nakuonea huruma. Na aliyemchukua ni Baba Mkubwa wako. Utaandika?"

"Kwanza nitamuuliza. Akikubali kwamba alikosea, ataandika mwenyewe, kwa heshima yake. Mimi nitakaa kimya."

*

Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo Jumatatu asubuhi alipanda Myamba. Juni milimani ni mwezi wa ukungu na makoti, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba kama nguo iliyosahauliwa kuanuliwa. Njiani alikutana na watu wenye majembe, wengi kuliko kawaida, wote wakielekea kiwanja cha nyuma ya ghala. Wengine walimwamkia kwa nusu mdomo. Wengine hawakumwamkia. Neno alilolisema kwenye kipaza sauti lilikuwa limepanda mlima kabla yake.

Mzee Eliakimu alikuwa barazani, amevaa buti za shamba, anakula makande kwa kijiko.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mama. Umekuja kwenye msaragambo? Leo tunasawazisha uwanja, tumjengee Wilbard banda la mazoezi. Justa! Mletee mtoto makande."

Mama Mkubwa Justa akaleta sahani, akamshika Honorata bega kidogo, akarudi ndani. Honorata hakugusa kijiko. Alifungua picha kwenye simu, akamsogezea mzee.

"Baba Mkubwa, naomba unieleze hii. Raundi ya kwanza, nani alishinda?"

Mzee aliitazama, akatafuna, akameza. "Yule wa mkonge."

"Ya pili?"

"Yule wa mkonge. Alimfunga jicho mtoto wa watu."

"Ya tatu na ya tano?"

"Yeye. Ngumi anazijua yule bwana. Nani amekataa?"

"Sasa mbona umeandika tisa kwa tisa? Nilikwambia anayeshinda anapewa kumi."

"Nilimpa kumi." Mzee alisema kwa upole, kama alivyokuwa akimfundisha kusoma mizani. "Halafu nikatoa udongo."

Honorata alidhani hakusikia vizuri. "Ukatoa nini?"

"Udongo, mama. Wewe umekulia ghalani, hujui? Tangawizi ya mtu wa hapa namjua, namjua mama yake, najua wanaosha mtoni kabla ya kufunga gunia. Naipima kama ilivyo. Tangawizi ya mtu nisiyemjua shamba lake, natoa kilo mbili za udongo kila gunia. Hata likionekana safi. Ndani hujui. Sasa yule bwana namjua wapi? Simjui alikolelewa, sijui amejipaka nini mwilini, anakumbatiakumbatia. Nikatoa moja moja kila raundi. Nilimhurumia, ningeweza kutoa mbili."

Alisema hivyo na uso wake ulikuwa safi. Honorata alitafuta humo hila, woga, aibu, chochote ambacho mtu anaweza kukikasirikia akapumua. Hakukuwa na kitu. Mzee aliamini kwamba ametenda haki. Na hapo ndipo Honorata alipokumbuka. Alikuwa na miaka tisa au kumi, ameketi juu ya magunia matupu, na mama mmoja kutoka kijiji cha Maore alikuwa amesimama mbele ya mizani na magunia manne, yameoshwa mpaka tangawizi inang'aa kama vidole vya mtoto. Baba Mkubwa akatoa kilo mbili, na mbili, na mbili, na mbili. Yule mama alisema asante. Na Honorata, mtoto, alidhani hivyo ndivyo uzito ulivyo duniani, kwamba watu wa Maore hupungua wakifika kwenye mizani.

"Baba Mkubwa," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba, "huyo si udongo. Ni mtu. Raundi alizoshinda ni zake. Jaji hana ruhusa ya kutoa alama, ni mwamuzi tu, na mwamuzi hakutoa. Umekosea. Andika barua, mstari mmoja tu, kwamba ulikosea kujaza karatasi. Hakuna atakayekucheka, ulifundishwa dakika kumi. Kosa ni langu pia."

Mzee aliweka kijiko chini. "Mimi nimekosea kupima?"

"Ndiyo."

"Mimi. Eliakimu."

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Miaka thelathini, Honorata."

Alisimama, akachukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akashuka ngazi za baraza akaelekea uwanjani bila kugeuka nyuma. Makande yake yalibaki nusu sahani. Honorata alitoa daftari kwenye mkoba, akaandika palepale mezani. Barua ilikuwa na mistari saba. Hakuandika udongo, hakuandika Maore. Aliandika tarehe, raundi, alama zilizokatwa bila agizo la mwamuzi, na jumla sahihi. Akasaini.

*

Uwanjani kulikuwa na watu kama sitini. Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, na asiyetokea anakumbukwa kuliko aliyetokea. Wanaume walikuwa wamejipanga na majembe na sururu, wanawake wamekaa kando na ndizi za kupika na madumu ya maji. Wilbard alikuwa amekalishwa juu ya kiti cha plastiki katikati kama bwana harusi, jicho moja limefunga, midomo imevimba. Linus alisimama pembeni yake, koti la ngozi, simu mkononi.

"Huyu hapa!" alisema Linus. "Tumekusubiri, mwalimu. Katibu wa kamati amenipigia. Anasema kuna jaji anataka kuandika barua. Nikamwambia haiwezekani, huyo ni mtoto wetu, atakuwa amepitiwa na hasira. Si ndiyo?"

"Barua iko hapa," Honorata alisema.

Minong'ono ikapita kwenye mstari wa majembe.

"Sikiliza," Linus akapunguza sauti kidogo, lakini si kiasi cha watu kutosikia. "Hatuanzi kazi na kinyongo. Jumamosi ulitutukana mbele ya mji mzima. Uchafu, ulisema. Uchafu ni nani? Wilbard? Sisi? Mzee aliyekulea? Ichane barua, omba radhi hapa mbele ya wazee, tushike majembe, yaishe. Mambo ya nyumbani yanaishia nyumbani."

"Jabiri si wa nyumbani, kwa hiyo yake hayaishi?"

"Jabiri kakubali! Kaweka saini! Wewe ni nani wa kumlilia mtu ambaye hajalia?"

Bibi mmoja akasema, "Mwanangu, hata kama alipunjwa kidogo, si mtu wa mkonge? Wale wamezoea."

Honorata alimgeukia. Neno lilelile. "Wamezoea kwa sababu sisi hatujachoka kuwapunja, bibi. Shikamoo."

"Ee! Umesikia mdomo huo?" Linus alitazama huku na huku akitafuta mashahidi, nao walikuwa wengi. "Diploma imemwingia kichwani."

Honorata akamkabili Wilbard. "Wewe. Niambie wewe. Ulishinda?"

Wilbard alitazama buti zake. Watu wote walimtazama yeye. Alifungua mdomo kwa shida. "Dada, mimi nilisikia jina langu likiitwa," alisema. "Nikainua mkono."

"Sikuuliza uliitwa nani."

Mama Mkubwa Justa alitoka kwenye kundi la wanawake, akaja akamshika Honorata mkono kwa mikono yake miwili, ile mikono iliyokuwa ikimsuka nywele kila Jumapili. "Mwanangu," alinong'ona, "ukituma hiyo, Baba Mkubwa wako hataketi tena na wenzake. Watasema mizani yake. Watarudi nyuma miaka yote. Kila mtu atauliza alipunjwa kilo ngapi. Unataka afe na hayo?"

Na Honorata alijua ni kweli. Ingekuwa hivyo hasa. Alimtafuta mzee kwa macho, akamwona mwishoni mwa mstari, ameegemea mpini wa jembe, amejitenga na wengine hatua mbili kama vile tayari wamemtenga. Alionekana mzee ghafla. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, Honorata hakuona kinyaa alipomtazama. Aliona huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kinyaa, kwa sababu ilitaka kitu.

Aliunyofoa mkono wake polepole kutoka kwenye mikono ya Mama Mkubwa. Akainyoosha barua juu ya mkoba, akaipiga picha, akahakikisha kila mstari unasomeka. Linus alipiga hatua moja. Wanaume wawili wakamshika bega, si kwa kumpenda Honorata, bali kwa sababu mwanamke hapigwi kwenye msaragambo. Mtandao ulisuasua. Duara dogo lilizunguka, likazunguka. Kisha picha ikaenda, na dakika moja baadaye katibu akajibu kwa neno moja: *Imepokelewa.*

"Imeenda," alisema.

Hakuna aliyeshika jembe. Linus alitukana kwa Chasu, lugha ya Wapare, tusi la mama, na mabibi wakajifanya hawakusikia. Wilbard alitoa pumzi ndefu kwenye kiti chake cha plastiki, na mtu angeweza kuapa kwamba ilikuwa pumzi ya mtu aliyetuliwa gunia.

Ndipo mzee Eliakimu alipokuja. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya binti wa mdogo wake, akamtazama kwa muda mrefu.

"Barua imeenda, imeenda," alisema. "Arusha waamue. Sikufuatii hilo. Lakini umesimama mbele ya kijiji na barua inayosema mimi sijui kupima. Mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na malaria mpaka zahanati. Hawa wengine waache. Mimi peke yangu, Honorata. Niombe radhi mimi, nami nitasema yameisha."

Maneno yalikuwa karibu mno, mepesi, mawili tu, na kila mtu pale angeyapokea, na Honorata angekula makande jioni ile kwenye sahani aliyoizoea.

"Nakuheshimu, Baba Mkubwa," alisema. "Ulinilea, na hilo sitalisahau. Lakini niliyoyasema ni ya kweli na ningeyasema tena sasa hivi. Siombi radhi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Siombi."